Kufunga rimu za spoti zenye ofseti sahihi kwenye gari la zamani: mwongozo kamili

Muuzaji wa rimu anapokuhakikishia kwamba rimu "zinaingia", mara nyingi anasema kweli, ila amekuambia nusu tu ya unachohitaji kujua. Rimu kuingia kwenye stadi, yaani zile boliti za gurudumu zinazofungwa nati, ni jambo moja, na rimu kukaa pale ambapo waliolibuni gari walikusudia gurudumu likae ni jambo jingine. Tofauti kati ya kuingia na kukaa huamuliwa kwa kiasi kikubwa na namba moja ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, yaani ofseti.

Nilijifunza hili kwa gharama. Gari langu ni Toyota Mark II ya aina ya GX100, lililotoka Japani likiwa na rimu za chuma za inchi 15. Nilinunua hapa Dodoma rimu nzuri za inchi 17, zenye upana wa inchi 8 na ofseti ya 35, nikazivalisha tairi za 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ukuta wa ubavuni ulio asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kwa wiki nzima nilizunguka nazo peke yangu kati ya Nkuhungu na mjini, na hazikugusa popote. Jumamosi nilikwenda Kibaigwa na ndugu zangu watatu, tukarudi na magunia mawili ya mahindi kwenye buti. Tulipopita tuta la kwanza, nyuma kulisikika sauti kama ya mtu anayepasua turubali, ikifuatiwa na harufu ya mpira. Nilipokagua nyumbani nilikuta mdomo wa fenda umechora mfereji mwembamba kulizunguka bega la tairi, wenye kina cha kutosha kuingiza ukucha. Muuzaji hakuwa amenidanganya. Rimu zilikuwa zimeingia, lakini hazikuwa zimekaa.

Ofseti ni nini hasa

Fikiria rimu iliyokatwa katikati ya upana wake kwa mstari ulionyooka, ili nusu moja iwe upande wa barabarani na nusu nyingine upande wa ndani ya gari. Uso wa rimu unaogusana na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, kwa kawaida hauko kwenye mstari huo. Umbali kati ya uso huo na mstari wa katikati, unaopimwa kwa milimita, ndio ofseti. Uso wa habu ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya, na ndivyo ilivyo kwa karibu magari yote madogo tunayoendesha. Ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi, jambo linaloonekana zaidi kwenye rimu pana za pikapu. Namba hiyo huandikwa nyuma ya spoku au karibu na tundu la katikati, ikitanguliwa na herufi ET, neno OFFSET au alama ya kujumlisha tu, na kwenye baadhi ya rimu za Kijapani huandikwa namba peke yake baada ya vipimo vya upana.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba namba ikipungua, gurudumu linatoka nje, na ikiongezeka, gurudumu linaingia ndani, milimita kwa milimita. Linalowakanganya watu ni kwamba upana nao hubadilika, na rimu pana huongezeka pande zote mbili, kwa hiyo ofseti haiwezi kuhukumiwa peke yake.

Kuna sababu ya kuliheshimu jambo hili zaidi ya kukwepa kusuguana. Anayebeba ndoo ya maji akiwa amekunja kiwiko huweza kufika nayo mbali, lakini akinyoosha mkono mbele huchoka kabla ya hatua kumi, ingawa ndoo ni ile ile. Beringi ya gurudumu iko katika hali hiyo hiyo: kadiri gurudumu linavyosogezwa nje, ndivyo uzito unavyoielemea kwa mkono mrefu zaidi. Usukani nao huathirika, kwa kuwa mstari ambao gurudumu la mbele hugeukia hukutana na ardhi mahali palipopangwa kuhusiana na katikati ya tairi. Ukiuharibu mpangilio huo kupita kiasi, usukani huanza kuvutwa na kila shimo, na breki zikikamata bila usawa gari hutaka kukimbilia upande mmoja.

Anza na gari, si na rimu

Gari lenye miaka 25 halina pande mbili zilizo pacha. Springi moja imelegea kuliko nyingine, fenda moja imewahi kunyooshwa na kupakwa mastiki, na bushi zimekwisha kwa viwango tofauti. Kwa sababu hiyo vipimo vya kiwandani ni mwanzo tu, na lazima kila kona ipimwe.

Egesha gari mahali palipo sawa, ikiwezekana kwenye sakafu ya saruji. Pima kwa futi kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi mdomo wa fenda, kona zote nne. Kushoto kukipishana na kulia kwa zaidi ya milimita 10 hivi, tafuta kwanza springi iliyochoka au iliyovunjika, kwa sababu rimu mpya zitakugusia upande ulioshuka. Kisha inua gari, shika gurudumu juu na chini na ulitikise kwa nguvu, halafu lishike kushoto na kulia ufanye vivyo hivyo. Likicheza, tatizo liko kwenye beringi, boli jointi au fimbo za usukani, na fedha ya rimu ielekezwe huko kwanza. Sioni maana ya kuvalisha viatu vipya mguu uliovunjika.

Baada ya hapo pima nafasi iliyopo nje. Chukua timazi, ile ile ya fundi muashi, iteremshe kutoka kwenye mdomo wa fenda ili uzi upite mbele ya tairi, na upime umbali kati ya uzi na sehemu ya tairi iliyotokeza zaidi. Kwa ndani, ingiza vidole kisha rula, utafute kitu kilicho karibu zaidi na tairi. Kwenye magari kama Corolla, kwa kawaida ni shokapu yenyewe au sahani inayobeba springi, na kwenye mengine ni mkono unaoshika gurudumu au bomba la breki. Andika namba hizo nane kwenye karatasi, mbili kwa kila kona, kwa kuwa ndizo utakazokwenda nazo dukani.

Kujua ofseti ya rimu uliyo nayo

Rimu za chuma za zamani mara nyingi maandishi yake yameliwa na kutu au yamefunikwa na rangi. Ipime mwenyewe. Ilaze rimu tupu, uso wa mbele ukitazama chini, na uweke rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka juu ya kingo za nyuma. Pima kutoka chini ya rula hadi kwenye uso unaogusana na habu. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo na uugawe kwa 2. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza, na jibu ndilo ofseti. Rimu zangu za chuma zilitoa milimita 138.5 kwa nyuma na upana wa jumla wa 177, ambao nusu yake ni 88.5, na ofseti ikawa 50. Usishangae kwamba rimu ya inchi 6, ambazo ni milimita 152.4, imetoa 177. Upana unaoandikwa kwenye rimu hupimwa pale tairi inapokaa, na kingo huongeza takriban milimita 12 kila upande.

Hesabu kabla ya kulipa

Kwa kila rimu fanya hesabu mbili. Nusu ya upana ulioandikwa, ukitoa ofseti, inakupa umbali wa rimu kutoka kwenye habu kwenda nje. Nusu hiyo hiyo, ukijumlisha ofseti, inakupa umbali wa kwenda ndani. Rimu yangu ya zamani, inchi 6 na ofseti 50, ilitoka nje milimita 26.2 na kuingia ndani 126.2. Zile za inchi 8 zenye ofseti 35 zilitoka nje 66.6 na kuingia ndani 136.6. Maana yake ni kwamba nilisukuma ukingo wa nje kwa zaidi ya milimita 40, yaani sentimita 4 kamili, chini ya fenda ambayo haikuwa na nafasi hiyo. Hesabu ya dakika mbili ingeniokoa.

Rimu nilizoishia kuzitumia badala ya hizo ni za inchi 16, upana wa inchi 6.5 na ofseti ya 45. Ukingo wake wa nje umesogea milimita 11 na wa ndani kama 1 tu. Tairi nayo ina hesabu yake, kwa kuwa ndiyo inayogusa. Kutoka tairi ya upana wa 195 hadi ya 205, nusu ya upana imeongezeka kwa milimita 5, na ofseti imepungua kwa 5, kwa hiyo kwa nje tairi imesogea 10 na kwa ndani haijasogea. Linganisha majibu ya namna hii na zile namba nane ulizoandika. Kwa ndani, mimi sikubali nafasi iliyo chini ya milimita 6 kati ya tairi na kitu kinachopanda na kushuka pamoja na gurudumu, na nadai nafasi kubwa zaidi kati ya tairi na bodi, kwa sababu bodi hushuka gari likipakiwa.

Kipenyo kizima cha tairi nacho kisibadilike sana. Kisizidi asilimia 3 juu au chini, la sivyo kipima mwendo kitasema uongo na tairi itafika mahali isipostahili kufika. Tairi ya 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634.5. Ile ya 205/55R16 ina 631.9, tofauti isiyofika hata nusu ya asilimia moja. Lakini angalia ukuta wa tairi: ya kwanza una karibu milimita 127, ya pili 113, na ile 215/45R17 iliyoniumbua una 97 tu. Kwa anayeishi kwenye lami ya katikati ya mji tofauti hiyo ni ya macho. Kwa anayetoka kila wiki kwenda Hombolo au Mpunguzi kufuata zabibu, kwenye njia zenye mawe na makunyanzi ya kiangazi, ni tofauti ya kurudi na rimu iliyopinda au kurudi salama. Ndiyo maana nashauri kuongeza inchi moja tu kwenye gari la familia.

Tazama pia namba ya uwezo wa kubeba iliyo baada ya kipimo cha tairi. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na 87 ni kilo 545. Tairi zenye ukuta mfupi mara nyingi hushuka daraja hili bila mnunuzi kugundua.

Vipimo vingine ambavyo havisamehe

Ofseti ikikubali, bado rimu inaweza kukataa. Mduara wa stadi, ambao wauzaji wote huuita PCD, lazima ulingane kabisa. Mark II ni stadi 5 kwenye mduara wa milimita 114.3, na Corolla nyingi za miaka ya 1990 ni stadi 4 kwenye 100. Mtego mkubwa ni rimu za 112, zinazotoka kwenye Mercedes-Benz na Volkswagen, ambazo kwa macho ni sawa na za 114.3 na kwa kulazimishwa huingia. Stadi zikishapindishwa hivyo, nati hazikai sawasawa na hulegea njiani. Kupima mduara wa stadi 5, chukua umbali wa katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile iliyo jirani yake. Kwa mduara wa 114.3 utapata milimita 67.2, na kwa 112 utapata 65.8. Tofauti ni ndogo mno kwa futi, kwa hiyo tumia venia, kile kipimo chenye taya kinachosoma hata sehemu za milimita.

Tundu la katikati linatakiwa kuikumbatia habu. Habu za Toyota ndogo za stadi 4 zina milimita 54.1 na za Mark II 60.1, wakati rimu za spoti hutengenezwa na tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziuzwe kwa magari mengi. Pengo hilo hujazwa na pete ya habu, ya plastiki au alumini, yenye kipimo cha nje cha rimu na cha ndani cha habu. Wengi huiacha, kisha hulalamika kwamba usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa hata baada ya balansi. Tundu likiwa dogo kuliko habu, iache rimu hiyo, na usikubali fundi alipanue kwa jiwe la kusagia mkononi.

Kuhusu nati, soma kwa utulivu. Rimu nyingi za alumini za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu za spoti nyingi huhitaji nati zenye kitako cha koni ya nyuzi 60, na Honda hutumia kitako cha mviringo. Nati ya washa bapa kwenye tundu la koni hugusa kwa ukingo tu, na itakazika kwa mkono vizuri kabisa mpaka itakapolegea. Uzi nao hutofautiana: Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ni 12 kwa 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni 12 kwa 1.25, yaani kipenyo cha stadi na umbali kati ya uzi na uzi, kwa milimita. Nati ikikataa baada ya mzunguko wa pili, usiilazimishe kwa spana.

Rimu za mtumba, na hapa simaanishi Mtumba ya Dodoma ulipo Mji wa Serikali, zikaguliwe kwa ndani kuliko kwa nje. Ifute sehemu ya ndani kwa kitambaa chenye maji, uipitishe mbele ya mwanga, na utafute nyufa karibu na kingo. Mahali palipochomelewa ni sababu tosha ya kuondoka. Omba izungushwe tupu kwenye mashine ya balansi ukitazama ukingo, kwani ikiyumba utaiona. Kwa rimu za Japani tafuta alama ya JWL, ambayo ni tamko la mtengenezaji kwamba imefikia kiwango cha nchi hiyo, na VIA, inayoonyesha kwamba imepimwa na chombo kingine. Kwa tairi, soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Jua la hapa hukausha mpira mapema, na tairi yenye kashata nzuri, yaani meno yanayogusa barabara, inaweza kuwa imeshakufa ubavuni.

Jaribu moja kabla ya kuvalisha nne

Mwombe muuzaji akuruhusu ujaribu rimu moja iliyovalishwa tairi, mbele kisha nyuma. Weka ubao mpana chini ya jeki, maana udongo wetu humeza jeki hata wakati wa kiangazi, tia vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini na uweke stendi kabla ya kuingiza mkono. Funga rimu kwa nati zote na uizungushe. Kati ya spoku na kalipa ya breki ipite angalau milimita 3.

Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kanda unga wa ngano kidogo uwe mgumu kama wa chapati, utengeneze vidonge vya ukubwa wa kokwa la embe dogo, na uvibandike mahali unapopatilia shaka: chini ya mdomo wa fenda, kwenye shokapu, na nyuma ya bampa la mbele. Shusha gari, pakia watu wanne na mzigo, zungusha usukani hadi mwisho pande zote, kisha pita taratibu juu ya tuta na kwenye shimo la upande mmoja. Rudi uvitazame vidonge. Kilichobanwa kitakuonyesha unene wa nafasi iliyobaki, na kilichochorwa alama ya kashata kimeshakupa jibu. Gari tupu lililoegeshwa halijibu swali hili.

Ikigusa kidogo, utashauriwa ukunje mdomo wa fenda. Kwenye gari la zamani rangi na mastiki hupasuka, na mvua za Januari huingia hapo. Ikigusa kwa ndani, utashauriwa uweke spesa, yaani kipande kinachokaa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Spesa inayokaa kwenye habu vizuri na yenye stadi zake inavumilika. Ile sahani inayochomekwa tu hupunguza uzi unaoshikwa na nati. Kwa stadi ya 12 kwa 1.5, hesabu angalau mizunguko 8 ya nati tangu iliposhika hadi ilipokaza. Ikipungua, iondoe.

Kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu yote itoke, kwa sababu punje moja ya kutu iliyobanwa hufanya rimu ikae upande. Safisha uzi wa stadi na usiupake grisi wala oili, kwani uzi wenye mafuta hudanganya kipimo cha ukazaji. Bandika pete za habu, ikalishe rimu hadi usikie imegota, na uanzishe nati zote kwa mkono. Zikaze kidogo gurudumu likiwa juu, ukifuata mtindo wa nyota, yaani kila nati ifuatwe na iliyo mbali nayo. Shusha gari, kisha kaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi za stadi ya milimita 12 zinataka Nm 103. Mashine ya upepo ya gereji haijui namba hiyo, na anayeruka juu ya mpini wa wili spana haijui kabisa. Mwombe fundi wa balansi atumie vipande vya kubandika ndani, si vya kugongea ukingoni, halafu upeleke gari kwenye wili alaimenti.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa, kaza nati tena kwa kipimo kile kile; safari ya kwenda Chamwino na kurudi inatosha. Nati ya upande mmoja ikiendelea kulegea kila unapopima, vua gurudumu hilo utazame kitako cha nati, pete na uso wa habu, badala ya kuendelea kukaza.

Mwisho ni tairi ya akiba, ambayo karibu kila mtu huisahau. Rimu ya chuma iliyobaki kwenye buti inahitaji nati zinazoifaa, na kama zile za rimu mpya hazikai juu yake, hifadhi tano za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki. Matundu ya rimu za spoti mara nyingi ni membamba kiasi kwamba wili spana ya kawaida haiingii, na nati zake huja na kichwa chake maalumu cha kufungulia. Kichwa hicho kikae ndani ya gari, si kabatini nyumbani, maana pancha ya saa 2 usiku njiani kutoka Mtera haitakusubiri ukifuate.